Gari gani la kukimbizia uwanjani? Vitz kwanza, Subaru baadaye

Mtu akitaka kuanza kukimbiza gari lake kwenye uwanja wa mbio, bila timu wala leseni ya mashindano, swali lake la kwanza huwa ni gari lina nguvu ya farasi wangapi. Mimi huuliza mizunguko mingapi. Gari linalokupa mzunguko mmoja wa maajabu kisha likashinda kwenye maegesho limefunguliwa boneti limekula kiingilio chako bure. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga hivi: juu yapo magari yanayomaliza siku nzima, yakakurudisha nyumbani, na tairi zake hazikufilisi.

Na kasi yenyewe si ile watu wanayoidhania. Tsukuba, uwanja ambao Wajapani hupimia magari yao ya kutengenezwa, una mzunguko wa mita 2,045, na kwa miaka mingi kuvunja dakika 1 hapo ndiyo imekuwa ndoto ya kila mwenye gari la mtaani lililoongezwa nguvu. Dakika 1 kamili ni wastani wa kilomita 123 kwa saa. Dakika 1 na sekunde 10 ni 105. Mabasi ya mikoani yameshakupita kwa kasi kama hizo. Sekunde zinapotea kwenye breki na kona, na huko ndiko pesa yako iende.

1. Toyota Vitz RS

Cheka kwanza, halafu tuendelee. Vitz RS ya kuanzia 2005 (NCP91) ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, farasi 110 hivi, gia tano za mkono, na uzito unaozidi kilo 1,000 kidogo tu. Injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Probox nyingi, kwa hiyo kuanzia Mombasa hadi Mbeya hakuna fundi asiyeijua wala duka la spea lisilo na plagi, mikanda na gasketi zake. Toyota yenyewe iliendesha mashindano ya Vitz tupu huko Japani kuanzia 2000, kwa hiyo si kichekesho cha mtaani.

Haina nguvu, na hiyo ndiyo faida yake. Ukikosea kona kwenye gari dogo, pua inagoma kuingia, unapunguza mafuta, unaendelea na safari. Ukiibeba kasi vizuri ndani ya kona, unaiona saa ikishuka, na unajua ni wewe, si turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Tahadhari moja: hakikisha ni RS kweli na ni ya gia za mkono. Zimejaa Vitz za kawaida zilizobandikwa nembo.

2. Suzuki Swift Sport

Kama mfuko unaruhusu, hili ni gari bora kuliko Vitz kwa kila kitu isipokuwa upatikanaji wa spea. Toleo la ZC33S, lililotoka 2017, lina turbo ya lita 1.4, farasi 140, na la gia za mkono lina kilo 970. Soma tena uzito huo. Lililotangulia, ZC32S, halina turbo, lina lita 1.6 na farasi 136, na mimi nalipenda zaidi kwa sababu halichoshwi haraka na joto.

Kwa Mkenya kuna hesabu nyingine: gari lililozidi miaka 8 haliingii nchini, kwa hiyo ZC33S ya karibuni ndiyo unayoweza kuagiza, na ZC32S utaitafuta kwa aliyeileta zamani. Tanzania magari ya umri huo huingia, ila hubebeshwa ushuru wa uchakavu. Uganda mpaka ni miaka 15.

3. Toyota 86 na Subaru BRZ

Ni gari moja lenye nembo mbili, na kwa kujifunza kuendesha hakuna mwalimu bora kuliko hili. Lita 2.0, farasi 200, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito wa kilo 1,230 hivi. Lilipotoka 2012 matoleo mengi yalivishwa tairi za jamii moja na zile za Prius, gari la kubana mafuta, makusudi, ili mkia uteleze taratibu na dereva apate nafasi ya kuurudisha.

Nimeliweka la tatu kwa sababu ya bei peke yake. Pesa ya 86 moja inanunua Vitz, seti mbili za tairi, na viingilio vya mwaka. Ukilinunua, weka kipoza oili kabla ya kitu kingine chochote. Uwanjani oili yake hupanda joto upesi.

Wapenzi wa Mazda Roadster wataniuliza. Ni gari tamu, lakini viwanja vingi huwa na masharti ya vyuma vya kinga kwa gari lisilo na paa gumu, na mtu mrefu akivaa helmeti kichwa chake kinazidi fremu ya kioo.

4. Toyota Altezza RS200

Hapa naandika kwa moyo mzito maana niliwahi kuwa nalo. Injini ya 3S-GE, farasi 210, gia sita, na usukani unaokuambia kila jiwe. Tatizo ni umri: utengenezaji ulikoma 2005. Bushi zote zimekauka, na kuzibadilisha zote si kazi ya alasiri moja. Pia nyingi zinazouzwa ni AS200, yenye injini ya silinda sita na farasi 160. Si mbaya, ila usiuziwe kwa bei ya RS.

5. Subaru Impreza WRX

Najua nitatukanwa. Ni gari la haraka kuliko yote niliyotaja, na kwenye mvua halina mshindani. Lakini injini ya EJ20 iliyozeeka ikikaa kwenye kona ndefu, oili hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na bearingi za krenki ndizo zinazolipa. Ongeza na hili: turbo za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani 100 hivi, yaani isiyolipuka mapema ikigandamizwa. Ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko, na aliyeongeza presha ya turbo kwa kompyuta bila kulijali hilo amekuuzia bomu. Ukilitaka lazima, pima kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kulipa, na weka geji ya presha ya oili.

Toyota Mark X sikuipa namba. Inapita kilo 1,500, ni otomatiki, na fizikia haibembelezwi: ukishuka kutoka 160 hadi 60, gari la kilo 1,500 linamwaga kwenye disk za breki joto la mara moja na nusu ya gari la kilo 1,000. Nilipanda nayo siku moja, ya rafiki. Mzunguko wa nne kanyagio la breki likaenda hadi sakafuni kama limekatwa kamba, tukasimama nyasini.

Kisa kilikuwa mafuta ya breki ya zamani. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta hayo, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. Kwa hiyo pesa ya kwanza baada ya gari ni mafuta mapya ya breki, kisha pedi zinazostahimili joto, kisha tairi. Ubavuni mwa tairi nyingi kuna namba ya ulikaji: ya 200 inang'ang'ania lami na kwisha mapema, ya 400 ni ya safari. Anza na za safari, zinapiga kelele kabla ya kuteleza. Egzosi iache. Sijaona egzosi iliyompunguzia mgeni sekunde hata moja.

Siku ya kwenda kuliona gari, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na ukikuta mtu ameshaiwasha, mwambie utarudi kesho. Gari lililonunuliwa mnadani Japani huja na karatasi ya ukaguzi. Daraja la R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Beba jeki na spana zako. Disk yenye vinyufa vidogo na rangi ya bluu imeshapikwa, na muuzaji asiyekubali gurudumu litolewe ana sababu yake.