Adapta ya DAC inayoamka na volyumu juu: uzoefu wangu

Nyota moja. Nikimaliza kuandika huenda zikawa mbili, maana sauti ya kitu hiki, kidude cha kuunganisha hedifoni na simu kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya sauti (DAC), ni nzuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kilohezi na asilimia za upotoshaji nawaachia walioziandika kwenye boksi. Kuna jambo moja ambalo boksi halisemi: adapta hii ikipoteza umeme, hata kwa muda wa kupepesa jicho, inarudi na volyumu yake ya ndani ikiwa kileleni. Sisemi volyumu ya simu. Nasema ile yake yenyewe, inayopandishwa na kushushwa kwa vitufe viwili vya ubavuni. Umeiacha ngazi ya 12, inaamka ngazi ya 60. Inafanya hivyo kila mara, kwenye simu na kwenye kompyuta, kwa kebo iliyokuja nayo na kwa kebo nyingine yoyote.

Ni zile adapta ndogo za USB-C zenye chipu mbili za sauti za CS43131, tundu la hedifoni la milimita 3.5 na jingine la milimita 4.4. Aina hii inauzwa kwa majina mengi, kwa hiyo hata kama yako ina nembo tofauti, ipime kabla hujavaa hedifoni. Ichomeke, shusha volyumu yake kwa vitufe hadi karibu na mwisho, ichomoe, subiri sekunde chache, irudishe, kisha cheza wimbo hedifoni zikiwa mezani. Ukiusikia wimbo kutoka pale mezani kama redio, ujue una ugonjwa huuhuu.

Chanzo chake si cha ajabu. Adapta hizi hazina betri. Umeme wote zinaupata kwa simu. Ili zikumbuke volyumu, lazima namba hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Watengenezaji makini huiandika. Wasiotaka kuiandika wanaweza angalau kuamua kwamba kifaa kikiwaka kianzie chini. Adapta ya Apple ya USB-C ina kasoro ya upande wa pili kabisa: kwenye simu nyingi za Android inaanzia chini na simu haiipandishi, ndiyo maana watu husema haina nguvu mpaka watumie programu kama USB Audio Player PRO, inayoweza kuigusa volyumu ya ndani ya kifaa. Inachosha, nakubali. Lakini haimuumizi mtu sikio. Watengenezaji wa hii yangu walikuwa na namba 60 za kuchagua, wakachagua ya mwisho.

Halafu karatasi ya maelezo inakuelekeza uingie mtegoni kwa miguu yako. Imeandikwa: weka volyumu ya simu asilimia 100, rekebisha kwa vitufe vya adapta. Ushauri huu umeenea sana kwa watu wa hedifoni, na sababu inayotolewa ni kwamba kupunguza sauti kwa upande wa simu kunakula biti, yaani tarakimu za kidijitali zinazobeba undani wa sauti. Ni kweli kwamba kila desibeli 6 unazopunguza kidijitali zinagharimu biti moja. Ila muziki mwingi ni wa biti 16, na adapta inapokea biti 24. Biti 8 ni akiba. Hizo ni desibeli 48 unazoweza kushusha kabla hujagusa biti hata moja ya muziki wenyewe. Kwa faida isiyosikika, karatasi inamwambia mtu aondoe kinga pekee iliyobaki kati ya sikio lake na volyumu ya kileleni.

Piga hesabu. Chukua vipokea sauti vya masikioni vyenye ukinzani wa ohm 32, vyenye unyeti wa desibeli 105 kwa miliwati moja. Vya namna hiyo vimejaa tele. Kusikiliza kwa utulivu, desibeli 75 hivi, kunahitaji milivolti 6 tu. Adapta ikivipa volti 1, na hii inaifikia, unapata desibeli 120. Kwa kanuni ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, desibeli 85 ni za saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Endelea kukata mpaka 120: zinabaki sekunde zisizofika 10. Mtu aliyeshtuka huchukua sekunde ngapi kung'oa vipokea sauti vilivyozama masikioni? Na vitufe havimsaidii, kwa sababu ukikishikilia cha kushusha, adapta inashuka ngazi moja moja.

Muuzaji alinijibu kwamba umeme haukatiki wenyewe, kwamba tundu la simu ndilo bovu. Si kweli. Pini za USB-C ni nyembamba, na kebo fupi waliyoiweka kwenye boksi imesukwa ikawa ngumu. Simu ikiingia mfukoni, kebo inaligeuza jeki kuwa wenzo unaolisukuma tundu kwa ubavu. Mguso unapotea kwa sehemu ya sekunde, na adapta imezima na kuwaka. Usibishane na muuzaji, mpe ushahidi. Chomeka adapta kwenye kompyuta yenye Linux, andika dmesg -w (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo), kisha itikise kebo taratibu upande mmoja baada ya mwingine. Kila mguso ukipotea utaona mstari wa "USB disconnect". Kwenye Windows utasikia mlio wa kifaa kutoka na kuingia. Baada ya hapo geuza jeki juu chini. Ikikatika upande mmoja tu, kuna pini zilizolegea au zilizochafuka. Ikikatika pande zote mbili, badilisha kebo kwanza. Bado inakatika? Zima simu, usafishe tundu kwa kijiti cha mbao, bila kuchokonoa kwa chuma. Vumbi la mfukoni linajigandamiza mle chini hadi jeki halifiki mwisho.

Kwangu ilikuwa kebo yao. Niliyobadilishia ni ya sentimita 10, laini, yenye jeki lililopinda upande wa simu, na mikato imepungua mno. Ila chagua kebo kwa makini. Adapta iliyotengenezwa vizuri ina rizista za kiloohm 5.1 kwenye pini za CC, na simu huzitumia kutambua kwamba kuna kifaa cha kupewa umeme. Adapta zisizo nazo hukubali kebo yao maalumu tu, tena kwa mwelekeo mmoja; ukiweka kebo ya kawaida ya C kwa C zinabaki zimekufa na unadhani zimeungua. Hii ya kwangu inazo, nawapa haki yao. Kwenye baadhi ya simu kuna pia swichi ya OTG ndani ya mipangilio, inayoiruhusu simu kukihudumia kifaa cha USB kilichochomekwa, nayo hujizima kifaa kisipotumika kwa dakika 10, na hiyo nayo ni njia nyingine ya kuifanya adapta iwake upya bila wewe kugusa kitu.

Simu ina uungwana kidogo. Adapta ikitoka, Android husimamisha muziki, na ikirudi unabonyeza mwenyewe kucheza. Una nafasi ya kuvua kwanza. Windows haikupi nafasi hiyo. Sauti inahamia spika za kompyuta, adapta ikirudi sauti inairudia, muziki ukiendelea muda wote. Mlipuko unakukuta unaandika barua pepe. Programu zinazokishika kifaa peke yake, kwa WASAPI ya kipekee au ASIO (njia za kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa), ndizo za kuogopwa zaidi, maana zinaweza kuipita volyumu ya Windows uliyokuwa unaitegemea.

Jibu la pili la muuzaji lilikuwa la dharau. Eti anayejua muziki hutumia hedifoni za ohm 300, na vitu vya masikioni ni vya watoto. Haya, tuchukue ohm 300 na unyeti uleule wa 105. Hapo adapta inatoa volti 2 kamili, zaidi ya miliwati 13. Hizo ni desibeli 116! Ushauri wake wa kitaalamu unaniokolea desibeli 4.

Kinachonifanya nisitoe udhuru wowote kwa kampuni ni hiki: ukibonyeza vitufe vyote viwili kwa sekunde tatu, adapta inabadili geini (kiwango cha kukuza sauti), ya chini au ya juu, na chaguo hilo inalikumbuka. Ichomoe, iache wiki nzima kwenye droo, ukiirudisha geini ni ileile. Kwa hiyo kumbukumbu ipo. Wameitumia kwa geini, wakaacha volyumu. Ningevumilia kama chipu ingekuwa haina uwezo huo. Uwezo upo na haukutumika.

Kwa waliokwisha nunua, igeuzeni karatasi ya maelezo juu chini. Weka geini ya chini. Vitufe vya adapta viache kwenye 60, kwa kuwa huko ndiko itakakorudi hata ufanyeje, na sauti yote iongoze kwa simu. Android hutunza volyumu ya kifaa cha USB peke yake, mbali na ya spika na ya Bluetooth, kwa hiyo adapta ikikatika na kurudi inakuta simu ilipokuwa. Udhia ni kwamba simu nyingi zina hatua 15 tu za volyumu, na kule chini hatua moja ni mruko mkubwa. Hatua ya 2 haisikiki vizuri, ya 3 imezidi. Wenye Samsung wana programu ya SoundAssistant ya kupunguza ukubwa wa hatua. Wengine tumieni kicheza muziki chenye volyumu yake ndani. Kwenye Windows ishushe volyumu ya Windows ya kifaa hiki hadi 10 kwa 100 au chini yake kwenye mipangilio ya sauti, na uzime ruhusa ya programu kukishika kifaa peke yake.

Kuna wanaoweka kipunguza sauti cha rizista kati ya adapta na hedifoni. Kinazuia mlipuko kweli, lakini kinaweza kuongeza ukinzani wa upande wa kutolea sauti, na vipokea sauti vyenye spika nyingi ndogo ndani, ambavyo ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti (besi au sauti za juu), hubadilika tabia: besi inafifia au juu kunakuwa kukali. Kanuni ya kawaida ni ukinzani wa chanzo usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni kubwa za spika moja, tatizo hilo kwa kawaida ni dogo zaidi.

Sasa, ikishapangwa hivyo. Sauti yake, jamani. Kwa geini ya chini hakuna ule mvumo wa chinichini hata kwa vipokea sauti vyepesi kabisa kusukumwa. Wimbo ukiisha panakuwa kimya kikavu. Besi inasimama inapotakiwa na kuondoka kwa wakati. Waimbaji watatu wa kiitikio unawatenganisha mmoja mmoja bila kujikaza. Adapta nyingi za bei kubwa zaidi ya hii hazifanyi hivi. Kwa sauti peke yake ningeipa tano bila kusita, na kuna jioni ambazo nilishaamua kuandika tatu na kufuta malalamiko yote.

Kelele za mtandao wa simu zipo: data ikihangaika pale mawimbi yanapokuwa dhaifu, utasikia mikwaruzo na tiki-tiki. Washa hali ya ndege; zikiisha, ni mawimbi yanayoingia kupitia kebo, na kebo fupi yenye kinga nzuri inazipunguza. Betri inaliwa hata muziki ukisimama, kwa hiyo ichomoe. Kipaza sauti cha simu ya kupiga kinafanya kazi kwenye tundu la 3.5 pekee. Na tafadhali usiunganishe hedifoni za 3.5 kwenye tundu la 4.4 kwa kile kiunganishi kidogo cha kubadilisha: hasi ya kushoto na hasi ya kulia za 4.4 hazitakiwi kugusana, na jeki la 3.5 linazigusanisha. Unaweza kuiunguza adapta.

Nilikuwa nimefika kwenye nyota tatu. Kisha kampuni ikatoa programu mpya ya ndani ya adapta, wakitangaza kwamba sasa volyumu inakumbukwa. Inawekwa kwa kompyuta ya Windows tu: pakua faili lao, chomeka adapta moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanya USB, vua hedifoni zote, fungua programu, subiri mstari ufike mwisho, usiguse kebo hata kidogo. Kebo ikiteleza katikati ya kazi hiyo adapta inaweza isiwake tena, na tunajua kebo yao ilivyo. Nimeiweka na kuipima kwa njia ileile ya mezani. Tundu la 3.5 linakumbuka: 12 inabaki 12. Tundu la 4.4, lenye nguvu maradufu, bado linaamka kwenye 60. Nyota ni moja, na mwenye hedifoni za 4.4 asiisasishe akidhani amepona.