Dawa ya unga ya kutoa minyoo (piperazini) kwa kuku wa kienyeji: nzuri, ila ujue inatoa minyoo ipi

Ukiingia duka la mifugo ukasema kuku wangu wana minyoo, mara nyingi hii ndo utapewa, muuzaji hata haulizi umeona nini kwenye kinyesi. Mimi naitumia kwa kuku wa nyumbani wanaotembea huru na kwa kazi yake naipa nyota 4 kati ya 5.

Kazi yenyewe ni ile minyoo mirefu myeupe ya utumbo mdogo, majike yake yanafika hadi sentimita 12. Vifaranga wanaokua ndo inawamaliza, wanakula pumba vizuri tu lakini ukiwashika kidari kimechongoka, upanga umepauka, mabawa yamelegea, na ikijaa sana inaziba utumbo kabisa. Piperazini haiui hiyo minyoo, inailegeza ishindwe kujishikilia halafu inatoka na kinyesi, mingine bado inajinyonganyonga. Kwa hiyo wape asubuhi wakiwa na kiu, maji ya dawa tu, kiasi watakachomaliza siku hiyohiyo, wafungie bandani, na kesho yake zoa kinyesi mapema kabla hawajaanza kuparua, maana ile minyoo imejaa mayai na wakiyameza yakishakomaa mzunguko unaanza upya.

Sasa nyota moja nimetoa kwa nini, haigusi tegu, ile minyoo bapa kama utepe. Ukiona vipande vidogo vyeupe kama punje za mchele juu ya kinyesi hiyo ni tegu, unaweza kuwanywesha piperazini mwaka mzima na hakuna kitakachobadilika. Hapo uliza dawa yenye niklosamidi au prazikwanteli. Na tegu kuku hapati kwa kula kinyesi moja kwa moja, anapata kwa kula wadudu kama sisimizi, mbawakavu na nzi, sasa kama banda lina nzi kibao jua unapambana na nini. Ile minyoo midogo ya kwenye vipofu vya utumbo (vile vifuko viwili karibu na mwisho wa utumbo) nayo piperazini haiiwezi vizuri, levamisoli ni bora zaidi, na hiyo msiidharau kama mnafuga kuku pamoja na bata mzinga kwa sababu inabeba ugonjwa unaoharibu ini, kuku anaweza kuustahimili lakini bata mzinga anakufa.

Halafu dozi moja haitoshi jamani, dawa inashika zaidi minyoo iliyokomaa, ile michanga iliyojificha kwenye ukuta wa utumbo inabaki. Rudia baada ya wiki mbili au tatu. Na hapa ndo watu wanasema dawa feki kumbe maranda ya kutandika bandani yana miezi hayajabadilishwa, yamelowa chini ya chombo cha maji, na mayai ya minyoo yanapenda sana unyevu na joto, dawa nyingi za kupulizia banda hayasikii. Toa maranda yote, acha sakafu ikauke kabisa, jua liingie, inua chombo cha maji juu ya tofali. Vifaranga watenge na wakubwa.

Kitu kinachoniudhi ni maduka yanayofungua kopo kubwa na kuuza kwa kijiko kwenye kimfuko cha nailoni bila lebo. Hujui nguvu yake, hujui imeisha lini, hujui mayai usile siku ngapi, na kipimo anakisia tu yule kijana wa dukani. Hapo usinunue hata kama bei ni ya kutupa, chukua pakiti iliyofungwa yenye maandishi unayoweza kuyasoma.

Kwa wenye vifaranga wanaokua chukueni bila wasiwasi, na kama chanjo ya ugonjwa wa kideri (mdondo) inakaribia wapeni dawa ya minyoo wiki moja hivi kabla, kuku mwenye minyoo mingi chanjo haimshiki vizuri. Kwa mitetea inayotaga soma kwanza lebo kuhusu mayai, hasa ukihamia levamisoli.