HiAce ya Kulala ya Wastaafu: Vitanda, Choo cha Usiku na Umeme

Watazamaji wetu, karibuni. Leo tunachambua gari la kulala: HiAce ndefu yenye paa la juu, iliyotengenezwa ndani na mafundi wa hapahapa Kampala kwa ajili ya mzee na mama waliostaafu, wanaotaka kuzunguka Uganda, yaani Jinja, Sipi, Fort Portal mpaka Ziwa Bunyonyi, bila kutafuta hoteli kila jioni.

Wanunuzi wengi huanza kuuliza paneli ya sola. Sisi tunaanza na saa nane ya usiku, mzee anapobanwa na haja ndogo na mama amelala. Akiweza kushuka, kufika chooni na kurudi bila kumruka mwenzake, gari linawafaa. Asipoweza, mwezi hautaisha kabla hawajarudi nyumbani.

Hapo ndipo fundi alipofanya kazi nzuri kuliko pengine pote. Upana wa ndani unakaribia mita 1.7, na kishawishi ni kuweka kitanda kimoja kikubwa cha kukingama. Ukifanya hivyo, anayelala upande wa ndani hana njia. Humu vimewekwa vitanda viwili vya urefuni, kila kimoja sentimita 62, na katikati njia ya sentimita 40. Ipo mbao ya kuziba hiyo njia kwa wanaotaka kulala pamoja. Huondoka kwa mkono mmoja.

Tunainua godoro, tazameni chini yake. Fremu ni bomba la mraba la milimita 25, juu yake plaiwudi ya milimita 12, na imetobolewa matundu kila baada ya sentimita 15 hivi. Msidhani ni urembo. Usiku wa Kabale, mji ulio karibu na Bunyonyi, ni wa baridi. Jasho na pumzi ya mtu hupenya godoro na kugeuka maji likigusa ubao baridi. Bila matundu, godoro huota ukungu chini na hutajua mpaka linuke. Kutoka sakafuni hadi juu ya godoro ni sentimita 48: mzee akikaa, nyayo zinatua chini zote na magoti hayapandi juu ya nyonga. Godoro liwe gumu, la sentimita 10. Sponji laini hubonyea, na asubuhi mgongo unadai.

Mshikio wa mlangoni hatukuukubali. Umefungwa kwa skrubu fupi kwenye bati la bodi, na bati hilo ni jembamba. Mtu wa kilo 80 akijivuta humo kila siku, tundu litapanuka na siku moja mshikio utabaki mkononi. Mwambie fundi apitishe bolti mpaka nyuma na kuweka kipande cha chuma cha milimita 3 upande wa pili. Ngazi nayo isizidi sentimita 20 kwa kila kipandio.

Kuhusu kusimama tuseme wazi: ndani ni kama mita 1.6, kwa hiyo wengi watainama, na suruali itavaliwa mtu akiwa amekaa. Mwenye shida ya mgongo atafute Coaster, basi dogo lenye paa la juu zaidi.

Choo ni kile cha kubebeka, tangi la lita 20, ambalo watu wawili hulijaza kwa siku mbili au tatu. Likijaa ni kilo 20 na zaidi, basi limwagwe likiwa nusu, kwenye choo cha kambi au cha shimo, kamwe si kichakani wala ziwani. Maji ya kunywa na kupikia pia yawekwe kwenye jerikeni za lita 10, si 20. Mgongo ni uleule.

Sasa umeme. Betri ni lithiamu ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa), yaani kama Wh 1,280 (wati-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa). Friji ya kompresa hula kama Wh 400 kwa siku kwenye joto, feni kama 150 usiku mzima, taa na simu 100. Jumla 650, kwa hiyo mnakaa karibu siku mbili hata mvua ya Aprili ikifunika jua. Paneli ya wati 200 imelazwa juu ya paa, na hapa karibu na ikweta hiyo ni sawa kabisa, ila iachwe nafasi ya sentimita 5 chini yake ipite hewa, maana paneli ikipata moto hutoa umeme pungufu. Vumbi la maramu lifutwe kila asubuhi.

Kosa la kawaida la mafundi ni waya. Friji ikifungwa kwa waya mwembamba, kompresa inapowaka volti hushuka njiani, na friji hujizima ikidhani betri imeisha, kumbe imejaa. Kwa mita nne weka waya wa milimita za mraba 6. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1,000 huvuta karibu ampea 100, hivyo waya wake uwe wa milimita za mraba 35, na fyuzi ya ampea 125 ikae karibu kabisa na betri. Usiunganishe lithiamu moja kwa moja na altaneta, jenereta ya injini: huvuta sana mpaka altaneta inaweza kuungua. Pitisha umeme wake kwenye chaja ya DC-DC (ya betri kwa betri) ya ampea 30. Ukitoka Kampala hadi Masaka, kama kilomita 130, zaidi ya nusu ya betri inarudi. Betri ikae mbali na viti vya mbele, kwa kuwa injini ya HiAce hii iko chini ya viti hivyo na joto ni kali.

Mwenye kisukari asikilize: insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikigusa ukuta wa friji inaweza kuganda, na iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Iweke kwenye kikopo katikati, pamoja na kipimajoto.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 umefungiwa sandukuni, na sakafuni kuna tundu la kutolea nje, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na huzama chini. Kila mkibadili mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye regyuleta. Likitoa mapovu, zimeni. Na sigiri (jiko la mkaa), hata baridi ya Kabale iwe kali namna gani, ibaki nje. Moshi wake usioonekana huua watu waliolala.