Kizimba, mkanda au wavu: cha kununua kabla mbwa hajapanda gari

Kutoka Tabora hadi Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza ni safari ya saa nyingi, na mbwa asiyefungwa atakuwa mara miguuni kwa dereva, mara kichwa nje ya dirisha. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua kinachomshika. Godoro lisubiri.

1. Kizimba. Mbwa mdogo atatoshwa na cha plastiki ngumu. Kwa mkubwa, nenda kwa fundi wa kuchomelea na vipimo vya buti lako. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala, basi. Nafasi ikizidi atayumba na kujigonga kila kona. Fundi alainishe ncha zote na aweke pete za kufungia chini, maana kizimba kisichofungwa huruka kama mzigo wowote breki ikishikwa ghafla. Kikae kwanza nyumbani mlango wazi, mbwa alie chakula humo, akizoee.

Kukifunika kwa kitambaa kunamtuliza, lakini angalia rangi. Mapori ya huku yana mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Chukua kitambaa cheupe, tena chepesi ili hewa ipite. Wadudu hawa hufukuza hata gari linalotembea, na humwambukiza mbwa nagana, yaani malale ya wanyama. Porini funga vioo. Kama gari halina kiyoyozi, ondoka alfajiri, kukiwa na baridi na mbung'o hawajachangamka.

2. Mkanda wa kifuani, unaounganishwa na mkanda wa siti ya nyuma. Huchukua nafasi ndogo, na kwa mizunguko ya mjini unatosha. Chagua mpana kifuani, wenye vifungo vya chuma. Usimfunge kwa kola ya shingoni: breki moja kali inaweza kumvunja shingo.

3. Wavu wa kutenganisha buti na siti. Unamlinda dereva asisumbuliwe. Mbwa mwenyewe bado atarushwa huku na huku.

Nyuma ya pikapu wazi sipapi hata namba.

Dawa ya kichefuchefu muulize daktari wa mifugo. Vidonge vya usingizi vya watu usimpe kabisa. Mlo wa mwisho uwe saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Mkisimama kula Uvinza, mshushe pia: juani, joto ndani ya gari lililofungwa huweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe garini.