Subaru Legacy au Toyota Mark X Four: uzoefu wangu wa kuchagua gari lililotumika

Kwa miezi miwili nilikuwa na magari mawili tu kichwani: Subaru Legacy B4 ya mwaka 2013 yenye injini ya lita 2.5, na Toyota Mark X 250G Four ya mwaka 2011. Yote mawili ni saluni za ukubwa wa kati, yote yanavuta kwa magurudumu manne, na yote yalikuwa yameshapita mikononi mwa watu wengine. Nilihitaji gari la namna hiyo kwa sababu kipande cha mwisho cha njia yangu ya kurudi nyumbani ni mwinuko wa udongo wa mfinyanzi, na gari langu la awali, lililokuwa likivuta kwa magurudumu ya mbele peke yake, lilikuwa likikwama katikati ya mlima kila mvua iliponyesha.

Moyo wangu ulianza na Mark X. Injini yake ya V6, ile ya 4GR-FSE, inatoa nguvu farasi 203, inaunguruma kwa upole, na gia boksi yake ya hatua sita inapanda gia bila abiria kujua. Legacy ina injini ya FB25 yenye silinda nne zilizolala pande mbili, nguvu farasi 173, na gia boksi ya CVT, yaani isiyo na hatua za gia, ambayo ukikanyaga mafuta ghafla hupandisha mlio kwanza, mwendo ukafuata baadaye. Anayechagua kwa kuendesha dakika kumi kwenye lami kavu atachukua Mark X, nami nitamwelewa kabisa.

Mimi nilikuwa natafuta gari la matope, kwa hiyo nilianza kuuliza nguvu ya injini inafikaje kwenye kila gurudumu. Mark X Four asili yake ni gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma: katika mwendo wa kawaida takribani asilimia 30 ya nguvu huenda mbele na 70 nyuma, na magurudumu yakianza kuteleza mgawanyo husogea hadi nusu kwa nusu. Legacy ya CVT huanzia karibu asilimia 60 mbele na 40 nyuma, kisha kompyuta hubadilisha mgawanyo kulingana na hali ya barabara. Hesabu zinatofautiana, lakini ndani yake mna kitu kilekile: klachi ya sahani nyingi nyembamba zinazobanwa na kuachiwa ndani ya oili. Sahani hizo zikiungua, unabaki na gari zito lenye vyuma vingi vya kuhudumia na msaada mdogo sana kwenye utelezi.

Kinachoziunguza mara nyingi ni matairi yasiyolingana. Tairi lililochakaa lina mzingo (urefu wa duara lake) mfupi, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko lenzake jipya katika umbali uleule, na klachi hulazimika kuteleza muda wote ili kufidia tofauti hiyo, hata kwenye barabara iliyonyooka. Subaru huelekeza kwamba mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo ya inchi, yaani kama milimita 6. Hicho ni kipimo kidogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu matairi yakipishana milimita 3 tu katika kina cha meno, mizingo yake hupishana karibu milimita 19.

Ndiyo maana nilipofika kwenye Mark X, ambayo rangi yake ilikuwa inang'aa na viti vyake havikuwa na doa, nilichuchumaa kwanza na kipimo cha kina mkononi. Matairi ya mbele yalikuwa na milimita 7 za meno, ya nyuma 4. Ubavuni mwa ya mbele tarakimu nne za mwisho zilisomeka 3421, yaani wiki ya 34 ya mwaka 2021, na ya nyuma yalisomeka 0919. Niliingia ndani, nikakata usukani hadi mwisho na kuzungusha gari taratibu kwenye uwanja wa saruji bila kukanyaga mafuta. Badala ya kuserereka, gari likawa linajikaza na kujiachia, linajikaza na kujiachia, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma, na nilipolirudisha kinyumenyume likafanya vilevile. Muuzaji alisema hiyo ni tabia ya gari zito. Fundi wangu aliomba ruhusa, akachota oili kidogo kwenye kasha la kugawa nguvu, akanipa niinuse: ilikuwa nyeusi na ilinuka kuungua.

Naomba nieleweke hapa, maana sitaki mtu aikimbie Mark X kwa sababu yangu. Ubovu ule wa klachi ulitokana na mmiliki aliyekuwa akibadilisha matairi mawili mawili. Mark X Four iliyotunzwa ningeinunua, ingawa ningemwuliza fundi pia kuhusu kaboni kwenye vali za kuingiza hewa, kwa kuwa injini ile hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda na vali hizo hazipati petroli ya kuzisafisha.

Legacy ilikuwa na mikwaruzo mlango wa nyuma na kitambaa cha kiti cha dereva kilichofifia. Matairi yake yote manne yalikuwa ya chapa moja na tarehe moja, na kipimo kilionyesha milimita 5 kila upande. Kwenye mzunguko wa usukani uliokatwa hadi mwisho ilizunguka kimya, mbele na nyuma.

Mwaka wa kutengenezwa niliuchagua makusudi. Legacy za umbo hili za lita 2.5 zisizo na turbo, zilizotoka kabla ya maboresho ya mwaka 2012, zina injini ya EJ253, yenye mkanda wa taiming unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na familia ya EJ25 inajulikana kwa kuvujisha gasketi ya silinda hedi. FB25 inatumia cheni badala ya mkanda. Nayo ina sifa yake mbaya, kwani baadhi ya injini za mwanzo zililalamikiwa kwa kula oili hadi Subaru ikaongeza muda wa dhamana yake nchini Marekani. Kwa hiyo nilitaka rekodi za huduma, nikaiwasha ikiwa ya baridi kabisa, nikatazama moshi. Tangu niinunue nachomoa kijiti cha oili kila Jumapili. Baina ya huduma mbili hushuka chini ya robo ya nafasi iliyo kati ya alama.

Sasa ni miezi 14. Mlima wa udongo naupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka: magurudumu ya mbele yakianza kuteleza usukani hulegea kidogo, kisha nasikia nyuma inanisukuma, na gari linaendelea. Kuteremka ni jambo jingine. Kuvuta kwa magurudumu manne hakufupishi umbali wa kusimama, na siku ya kwanza ya mvua nilijiamini kupita kiasi nikaishia kwenye ukingo. Wala hakuinui gari: tumbo la Legacy liko milimita 150 kutoka ardhini, na mifereji iliyochimbwa na malori bado naikwepa kama nilivyokuwa nikiikwepa zamani.

Ndani kuna nafasi nzuri ya magoti kiti cha nyuma. Mafuta inatumia kiasi cha wastani.

Mwezi uliopita tairi moja lilichanika ubavuni na halikuweza kuzibwa. Duka la kwanza walitaka kuniuzia moja jipya, wakasema halitaleta shida. Yangu matatu yalikuwa yamebaki na milimita 4 na hilo jipya lilikuwa na 8, kwa hiyo nilitembea siku mbili hadi nikapata lililotumika la chapa ileile na saizi ileile, nikalipima pale pale dukani: 4. Ndilo liko kwenye gari sasa, na nimeanza kuweka akiba ya kubadilisha yote manne kwa pamoja.