Dramu chini ya mwembe Isevya, buku tatu yangu haijapotea bure

Niseme ukweli tu, mi sikwenda kujifunza. Nilimpeleka binti yangu wa miaka 9, huyu amepiga masufuria ya mama yake tangu anaanza kusimama, nikaona bora apelekwe kwa mtu anayejua kabla mifuniko haijaisha ndani. Sehemu yenyewe ni uani kwa jamaa mmoja huku Isevya, hapa Tabora mjini. Seti moja ya dramu chini ya mwembe, mabenchi mawili, matairi machakavu yamelazwa chini, basi. Bango hakuna. Wiki ya kwanza nilikaa benchi nachezea simu, wiki ya tatu na mimi nikatoa hela.

Hela yenyewe ni buku tatu kwa kichwa kwa siku, Jumamosi na Jumapili jioni, unalipa ukija na usipokuja hudaiwi. Hapo ndo paliponikamata maana kabla ya hapo tulijaribu sehemu nyingine, siitaji, walitaka laki na ishirini ya miezi mitatu yote mkononi, halafu mwalimu akifika anakuwekea video kwenye simu anakwambia fuatisha hiyo. Sasa video si hata nyumbani ninazo jamani.

Kwa huyu ticha siku ya kwanza dramu huigusi. Unapewa tairi na stiki mbili. Kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, simu yake pembeni inalia tik tik, mapigo 60 kwa dakika, polepole mpaka unaona anakutania. Dakika tano tu mkono wangu wa kushoto ukawa sio wangu tena. Tairi linairudisha stiki juu vizuri na halipigi kelele, kwa hiyo watu sita mnaweza kupiga pamoja na jirani akaendelea kusikiliza redio yake.

Halafu hesabu, hapa ndo nilimvulia kofia. Haongei habari za nota, anakwambia mguu ukanyage pigo moja moja, juu yake useme "e-mbe", ni mbili kwa kila pigo. Ukizoea unasema "Ta-bo-ra", tatu. Ukiiva unasema "U-nya-nye-mbe", nne, na mikono inafuata mdomo. Binti yangu anaenda shule huku anatembea na Unyanyembe, majirani wananiuliza mtoto ana nini. Kuna siku embe likadondoka puu juu ya sneya, ile dramu ndogo ya mbele yako, tukiwa katikati ya hesabu, ticha hata hakucheka, akasema "oneni, embe limepiga kwenye moja, nyie mnashindwa".

Wanafunzi ni mchanganyiko, vijana wa kwaya, watoto, na mzee mmoja wa miaka 70 na ushee anakuja na baiskeli toka Ng'ambo. Huyo tunamwamkia kwanza, kisha anaanza stori zake za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, enzi hizo mji huu una bendi zake yeye anachungulia dirishani maana hela ya kiingilio hana. Anapiga taratibu lakini hatoki nje ya mapigo, mi mwenye miaka 38 natoka kila saa. Ticha anamwita babu na hamharakishi hata kidogo.

Kingine, binti yangu ni mashoto. Nilijua atalazimishwa kulia kama nilivyochapwa mimi zamani, kumbe ticha kamwambia haihati, vile visahani viwili vinavyobanana, si ipo kushoto kwako, ipige na mkono huo huo, hamna haja ya kupishanisha mikono. Wiki ya tano alipiga biti yake ya kwanza kamili, kiki, ile dramu kubwa ya mguu, kwenye moja na tatu, sneya kwenye mbili na nne, haihati inatembea juu. Nilirekodi, nimeshawatumia ukoo mzima.

Sasa lawama. Dramu ni moja, mkiwa wanane unakaa kwenye kigoda dakika kumi tu siku nzima, kwingine kote ni tairi. Pedo ya kiki imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, ikikata mnasubiri. Kisahani kimoja kina ufa, sauti yake kama sahani ya bati. Saa kumi yake ni kumi na nusu, na mvua ikinyesha ndo basi tena, na asipoweka ujumbe mapema utaenda kulowa bure. Umeme ukikatika lakini haimsumbui, dramu haina waya. Masikio pia, ticha kajaza blanketi ndani ya kiki ila sneya bado inauma, wewe mletee mtoto pamba.

Stiki njoo na zako, za kuazima pale zimeliwa ncha. Zangu kanichongea fundi seremala kwa kipande cha mninga, nzito kidogo lakini hazivunjiki, ticha kazishika akaguna tu, sijajua alimaanisha nini.

Kama unataka kuwa mpiga dramu wa bendi kesho kutwa, sio hapa. Kama unataka wewe au mwanao mjue kuhesabu na mikono itii, nendeni. Jumamosi hii mi zamu dukani siendi, kwa hiyo zile dakika kumi zangu kwenye kigoda zipo wazi.