Kwota za diski: kuambiwa "diski imejaa" wakati zaidi ya nusu iko wazi

Naandika nikiwa bado na hasira. Tulimpa fundi wa mjini kazi ya kuweka kwota, yaani mipaka ya nafasi ya diski kwa kila mtumiaji, kwenye seva yetu ya Linux hapa Kirumba: watumiaji 140, /home moja (sehemu ya faili za watumiaji), mfumo wa faili ext4. Baada ya wiki na kidogo, asubuhi, watu wanaanza kulia kwamba hawawezi kuhifadhi faili: "Disk quota exceeded". Nampigia, ananijibu, "Dada, diski imejaa, tafuteni hela ya nyingine."

Imejaa wapi? df -h, amri ya kuona nafasi ya diski, inaonyesha zaidi ya nusu iko wazi!

Kwa kila mtu aliweka kikomo laini (kinachoweza kuvukwa kwa muda) GB 2 na kikomo kigumu (kisichovukwa kamwe) GB 3, akaacha muda wa msamaha ule unaokuja na mfumo, siku 7. Anayevuka GB 2 huendelea kuandika kwa siku hizo 7 tu. Zikiisha, kikomo laini kinakuwa ukuta, hata kama mtu yuko GB 2.1 na GB 3 bado iko mbali. Amri moja, repquota -s /home, ingemwonyesha: alama +- kando ya jina (amevuka kikomo laini), na neno none kwenye safu ya muda (msamaha umeisha). Hakuiendesha. Akanitajia bei ya diski.

Alipobanwa akakosea tena: akabadili muda wa msamaha wa wote kwa edquota -t, siku 7 zikawa 14. Kwa waliokwisha kufungiwa haisaidii kitu, maana tarehe ya mwisho ya kila mmoja imeshaandikwa kwenye faili la kwota. Dawa ni setquota -T, inayompa mtu mmoja muda mpya, kwa kila jina, au kupandisha kikomo laini kipite matumizi yake: setquota -u jina 2621440 3145728 0 0 /home. Namba tupu hizo ni bloku za kilobaiti 1; ukiandika 3 ukidhani ni GB, umempa mtu KB 3.

Nikitulia, nakiri kazi ya mwanzo ilikuwa safi. Kwenye fstab, faili la mipangilio ya diski, aliandika usrjquota=aquota.user,jqfmt=vfsv1 (kwota zinazolindwa na jarida la mfumo wa faili), si usrquota peke yake. Kwa umeme wetu usiobisha hodi hilo ni jambo kubwa, kwani hesabu za kwota haziharibiki seva ikizimika ghafla. Akaweka mipaka kwa mtumiaji mmoja wa mfano, kisha akainakili kwa wote kwa edquota -p, dakika chache tu. Huyo kazi anaijua. Nilikuwa naelekea nyota nne.

Hapana. Warnquota, programu inayotuma onyo kwa waliovuka kikomo, hakuiweka kwenye cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha! Siku zote 7 hakuna aliyepata hata barua pepe moja ya onyo, na dada wa uhasibu akafungiwa mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa mkononi mwake. Nyota mbili. Nusu ya malipo iliyobaki ataichukua nikishaona onyo linatoka kila asubuhi, na akishamwambia yule dada kwa mdomo wake mwenyewe kwamba diski haikujaa.